Silinda ya Shemeji

Wamiliki wote wa misumeno ya mnyororo wanatangaziwa kwamba rangi ya namba za usajili, ambayo hadi sasa imekuwa ya manjano, itabadilishwa kuwa nyeupe. Kila mmiliki afike na msumeno wake katika ofisi ya misitu ili namba ya zamani ifutwe na mpya iandikwe. Msumeno utakaokutwa na namba ya manjano baada ya zoezi hili utahesabiwa kuwa hauna namba. Ofisi inaomba radhi kwa usumbufu, na inawakumbusha wananchi kutokanyaga bustani.

Bustani iliyotajwa ilikuwa matairi mawili yaliyopakwa chokaa na kujazwa udongo. Tangazo lenyewe lilibandikwa juu ya tangazo la mbuzi aliyepotea, hivi kwamba miguu ya mbuzi ilichungulia chini ya mhuri wa ofisi. Bi Sikio alilisoma akiwa na debe la unga kichwani, akalisoma tena, kisha akaenda zake nyumbani bila kupita kwa mtu yeyote, jambo ambalo majirani waliliona na kila mmoja akalitafsiri kwa namna yake.

Jina la Bi Sikio alipewa na majirani hao hao, wala halikuwa la kejeli. Mumewe alikuwa mpasua mbao, na kazi hiyo, baada ya kumpa nyumba, mabati na ada za shule, ilijilipa kwa kuchukua masikio yake. Iliyachukua kidogo kidogo, kama panya anavyokula gunia: kwanza ndege, kisha watoto, kisha mke. Mwishowe mzee alibaki na vitu viwili tu alivyoweza kusema amevisikia, radi na msumeno wake, na huo msumeno hakuusikia kwa masikio bali kwa mifupa ya mikono. Kwa hiyo mkewe alisikia kwa niaba ya wawili.

Mzee alipokuwa ng'ambo ya bonde, yeye jikoni aliufuata msumeno kama wengine wanavyofuata redio. Sauti ikipanda na kutulia, gogo ni laini. Ikikaza na kushuka, mnyororo umefika kwenye moyo wa mti. Ikikohoa kidogo na kunyamaza, mzee anajaza mafuta, na huo ndio wakati wa kubandika maji. Iliponyamaza katikati ya mti bila kukohoa, Bi Sikio alisimama na mwiko hewani, na hakuna aliyewahi kumwona akiushusha kabla msumeno haujaanza tena. Siku hizi misumeno ilikuwa mingi bondeni, yote ya duka moja, yote ikilia pamoja kama wanafunzi wanaoitikia mwalimu. Wa mzee peke yake haukufanana na wowote, na kutofanana huko hakukuwa kwa bahati.

*

"Hodi, shemeji. Chai ipo, au nirudi nilikotoka?"

"Chai ipo. Sukari ndiyo ilisikia unakuja, ikaondoka."

Aliyeingia alikuwa mdogo wa mumewe. Watu walimwita Tupa, kwa kuwa tangu mgongo wake ulipokataa kupasua mbao, alishinda sokoni na tupa mkononi akinoa minyororo ya misumeno ya wengine. Alikuwa mtu wa kuingiza maneno kwanza na miguu baadaye. Siku hiyo, hata hivyo, aliketi, akapuliza chai yake, akatazama mlango.

"Tangazo umeliona?"

"Nimeliona. Ni rangi tu."

"Rangi iko juu ya kava, shemeji. Kule walikoanzia hawafuti kwa kitambaa. Wanafungua kava, wanaliosha kwa petroli. Kava likitoka, silinda inakutazama usoni. Na silinda ina maandishi yake."

Bi Sikio alimtazama mumewe, aliyekuwa barazani akipangusa upanga wa msumeno kwa tambara, hana habari. Maandishi ya silinda ile aliyajua kuliko alivyoyajua maandishi ya cheti chake cha ndoa, na alikuwa na haki ya kuyajua, maana yeye ndiye aliyeyaleta nyumbani.

Zamani hizo ndugu wawili walinunua misumeno miwili ya kiwanda kimoja. Kaka alinunua mdogo na mdogo mtu akanunua mkubwa, jambo lililozungumzwa sana. Misumeno yenyewe ilikuwa kama ndugu wa tumbo moja: bolti zilikaa mahali pamoja na pistoni zilipanda kimo kimoja. Tofauti ilikuwa upana wa tundu la silinda, na bei. Bi Sikio alikuwa bibi harusi, na alikuwa na bidii. Asubuhi moja alikuta petroli ya mumewe imechanganywa na oili, ina rangi ya maji ya dimbwi. Akaona aibu kwamba mume wake aende kazini na petroli chafu. Akaimwaga, akaosha dumu, akamjazia petroli safi inayong'aa. Msumeno wa namna ile hunywa oili yake ndani ya petroli. Ukinyimwa, hujila wenyewe. Kabla jua halijafika utosini, pistoni ilikuwa imeitafuna silinda.

Msimu huo huo Tupa aliangusha mti uliokuwa umeahidi kulala kushoto. Ulilala kulia, juu ya msumeno mkubwa, ukauvunja kiwiliwili na kuiacha silinda nzima kama yai. Ndugu wakakaa barazani na maiti mbili. Halafu mmoja, na hadi leo kila mmoja husema alikuwa yeye, akachukua silinda na pistoni ya msumeno mkubwa, akaijaribisha juu ya kiwiliwili cha mdogo. Bolti zikaingia kama zilizokuwa zikingojwa. Tundu likawa pana, ujazo wa injini ukaongezeka, na msumeno mdogo ukaanza kuangusha miti ambayo kwa haki haikuwa saizi yake. Sauti yake haikuwa ya mdogo wala ya mkubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamka vizuri lakini hajaamua bado kusema na nani.

"Si silinda ingebaki tu kuwa yako?" Bi Sikio alimwuliza shemeji yake. "Ukauandikisha msumeno wewe, daraja la pili, mambo yakaisha?"

"Bamba la kiwiliwili lina saizi ya msumeno mdogo na jina la kaka. Na mwandikishwaji ndiye mkataji. Mimi nikiinua kile kitu, mtanizika nacho."

Hapo ndipo penye mfupa. Kwa mujibu wa ofisi, msumeno mdogo ulikuwa daraja la kwanza, na ungeweza kumilikiwa na yeyote. Ule wenye silinda pana ulikuwa daraja la pili, na mwenye kuutumia alitakiwa alete cheti cha daktari kwamba anasikia vizuri. Sharti hilo lilitungwa na mtu ambaye ni dhahiri hakuwahi kusimama karibu na msumeno. Mzee alikuwa ameandikishwa daraja la kwanza, akafanya kazi ya daraja la pili, na rangi ya manjano ikafunika yote kwa amani.

Tupa aliweka kikombe chini. "Ile silinda uliyoiua, iko wapi?"

"Sikuiua. Niliipenda kupita kiasi."

"Basi marehemu kipenzi chako yuko wapi?"

Bi Sikio alionyesha kwa kidevu. Silinda ya kwanza ya msumeno mdogo, pistoni yake ingali ndani, ilikuwa pale pale ilipokuwa tangu ujana wao, sakafuni, ikiuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

*

Ilibidi mpango uelezwe karibu na sikio la mzee, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, na hivyo siri ikawa ya watu wengi kabla haijawa ya wahusika. Silinda ya zamani irudishwe juu ya kiwiliwili chake. Karani afungue kava, aone bamba na silinda vinakubaliana, aandike namba nyeupe. Wakirudi nyumbani, warudishe ya kazi.

"Kwa hiyo tunakwenda kumwonyesha Afisa maiti," alisema mzee.

"Maiti yenye karatasi safi, kaka. Hao ndio ofisi inaowapenda."

Mzee alifikiri. Kisha akaenda kutandika gunia barazani, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Hawakuwa wamefungua msumeno pamoja tangu mgongo wa Tupa ulipoharibika, na Bi Sikio, aliyedhani amekuja kusimama tu, alijikuta ameketi mahali pake pa zamani bila kuambiwa. Mikono ya ndugu ilikuwa imezeeka lakini haikuwa imesahau. Mmoja alinyoosha kiganja bila kuinua macho, na mwingine akaweka ndani yake spana iliyotakiwa. Kava, kabureta, ekzosi, bolti nne. Silinda ilipochomolewa, harufu ya oili iliyoungua ikatoka, ile iliyokuwa kwenye mashati ya mzee, kwenye mito, kwenye nywele za watoto alipowabeba akitoka kazini. Watoto sasa walikuwa mbali na walinuka sabuni.

"Mtandio, shemeji."

Alikuwa ameshautandaza. Pini ya pistoni hushikwa na vipete viwili vya waya, vidogo kama kope, na kazi ya vipete hivyo duniani ni kuruka na kupotea. Kazi ya Bi Sikio ilikuwa kutandaza mtandio wake magotini mwao ili vikiruka viangukie kwake. Hata mara moja havikupotea. Cha kwanza kiliruka, kikatua kwenye maua ya kitambaa. Tupa alikiangalia.

"Unakumbuka kile cha siku ile ya mvua? Kiliingia kwenye blauzi yako, kaka akataka kunipiga kwa sababu nilitazama kilikokwenda."

"Ungetazama pembeni."

"Ningetazamaje pembeni, na kipete kilikuwa kimoja tu?"

Mzee hakuwasikia, lakini aliwaona wakitikisika mabega, na kwa kuwa alikuwepo siku ile ya mvua, alijua ni nini. "Ilikuwa msimu wa mabati," alisema. Kila kitu katika nyumba ile kilihesabiwa kwa miti: msimu wa mabati, msimu wa kitanda, msimu wa ada ya binti. Bi Sikio aliifuta silinda pana kwa pindo la mtandio, taratibu kuliko ilivyohitajika.

*

Ua wa ofisi ulijaa. Vijana walikaa juu ya misumeno yao mipya kama wapanda farasi walioambiwa wangoje vita. Wahenga walisema subira huvuta heri, ila hawakusema huivuta kutoka wapi, na jua lilikuwa limepanda walipoitwa. Karani alifungua kava. Akasoma bamba, akasoma silinda, akapiga tiki.

"Vinalingana," alisema. Tupa alitazama mbingu kwa unyenyekevu.

"Sasa awashe," alisema Afisa.

Afisa alikuwa mtu wa umri mdogo na adabu nyingi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alieleza kwa upole kwamba kuna maelekezo mapya: rangi nyeupe ni ghali, haiwezi kupakwa kwenye chuma chakavu, hivyo kila msumeno uwashwe kwanza.

"Mwambie baba awashe," karani alimwambia Bi Sikio.

"Mwambie mwenyewe. Yuko mbele yako."

"Hasikii."

"Haoni vibaya. Mwonyeshe kamba."

Karani hakuonyesha. Alizungumza na Bi Sikio juu ya mzee kama mtu anavyouliza umri wa ng'ombe, na mzee, aliyekwisha kuelewa, aliweka mguu juu ya msumeno na kuvuta kamba. Ilikuja bila ubishi, kama kamba ya ndoo katika kisima kikavu. Silinda iliyotafunwa haikubana kitu. Alivuta tena. Akavuta tena. Aliyekuwa akiuvuta alijua kuliko wote uani kwamba hautawaka, na bado alivuta kwa umakini wote, akirekebisha hiki na kile, akisikiliza kwa mkono, ili uongo wao uwe na heshima.

"Babu, hiyo ni chenso au pampu ya baiskeli?" alisema kijana mmoja.

"Mwache, anafua upepo," alijibu mwenzake, na foleni ikacheka, si kwa ubaya sana, bali kwa ule ubaya wa kawaida wa watu waliongoja muda mrefu.

Jasho lilimtiririka mzee mpaka kwenye kola ya shati aliloliweka kwa ajili ya ofisi. Tupa alikuwa anatazama ardhi.

"Inatosha, mzee," Afisa alisema, na kwa kuwa hakusikiwa, akamgusa bega. "Huu umekufa. Utafutwa kwenye daftari na kubaki hapa, upondwe pamoja na mingine, usije ukatumika vibaya." Akaonyesha rundo la vyuma nyuma ya tangi la maji. Karani akaushika msumeno mpini. Mzee naye alikuwa bado ameushika, na kwa muda wakawa wameushika wote wawili.

Bi Sikio aliweka kikapu chake chini. Alikuwa ametoka nacho nyumbani bila kumwambia mtu, kwa kuwa hakuweza kuiacha silinda pana na pistoni yake katika nyumba isiyo na mtu. Aliondoa mtandio uliokifunika.

"Haujafa," alisema. "Moyo wake ninao hapa."

"Shemeji," Tupa alisema polepole, "sasa umetumaliza."

"Tulikwisha malizwa. Leta spana."

Afisa angeweza kuzuia. Baadaye mwenyewe alishindwa kueleza kwa nini hakuzuia; pengine ni kwa sababu hakuna maelekezo yaliyosema msumeno uliokufa usifufuliwe uani. Mzee alipiga magoti, Tupa akajishusha kwa kushikilia mgongo, na Bi Sikio akatandaza mtandio. Vijana waliinuka juu ya misumeno yao, wakasogea. Misumeno yao ilikuwa haijafunguliwa hata mara moja. Ikiharibika ilirudishwa dukani. Gasketi, ile karatasi inayokaa chini ya silinda, ilipasuka, na Tupa akaomba kitu cha kadibodi. Kijana aliyesema habari za pampu ndiye aliyetoa boksi la plagi yake mpya, akakata mwenyewe kwa kufuata kidole cha Tupa. Kipete kiliruka. Mtandio ulikuwepo.

Mzee alivuta kamba, na kamba ikamwuma mkono. Alivuta tena, msumeno ukakohoa. Mara iliyofuata uliwaka.

Uliwaka vibaya kwanza, kwa sauti ya juu na kavu, maana kabureta ilikuwa bado imerekebishwa kwa ajili ya silinda ndogo. Mzee akachukua bisibisi, akaiweka kwenye skrubu, kisha akainua uso kumtazama mkewe. Hivi ndivyo walivyofanya siku zote tangu masikio yalipokwenda: yeye aligeuza skrubu, na kazi ya kusikia ikafanywa na uso wa mwenzake. Aligeuza kidogo. Nyusi za Bi Sikio zilikuwa zimekunjwa. Aligeuza tena. Sauti ikashuka, ikanona, ikapata ule mkwaruzo wake mdogo wa chini. Ulikuwa msimu wa mabati, na msimu wa kitanda, na asubuhi zile ambazo mlango wa jikoni ulikuwa wazi na watoto walikuwa ndani na mwanamume alikuwa ng'ambo ya bonde, mzima, na alijulikana kuwa mzima. Bi Sikio aliitikia kwa kichwa mara moja. Mzee akaondoa bisibisi.

Dirishani mwa ofisi mpiga chapa alikuwa ameziba masikio kwa vidole, akitabasamu hata hivyo.

*

Kisha ukazimwa, na utumishi ukaendelea.

"Silinda hii ni ya nani?" aliuliza Afisa, na Bi Sikio akalirudia swali sikioni mwa mumewe.

"Ya mdogo wangu."

"Alikupa?"

"Hakunipa."

"Ulinunua kwake?"

"Sikununua."

"Mzee, nisaidie nikusaidie. Ukisema alikupa, nitajua pa kuandika."

Tupa akasogea mbele. "Nilimpa, Afisa. Andika nilimpa, nilimpa kwa moyo wangu wote."

Bi Sikio alipaswa kuyarudia hayo pia, na aliyarudia kama yalivyo. Mzee alimtazama mdogo wake kwa mshangao, kama mtu aliyetukanwa hadharani na asiyetarajia.

"Hakunipa," alisema. "Tuliungana."

Afisa alitafuta katika daftari safu ya watu walioungana. Haikuwepo. Akaingia ndani, akafunga mlango, na mashine ya chapa ikasikika ikianza na kusita, ikianza na kusita. Wale watatu walikaa ukingoni mwa bustani bila kuikanyaga. Bi Sikio aliweka kiganja juu ya silinda. Ilikuwa bado ya moto, ikitoa ule mlio mdogo wa chuma kinachopoa, ambao yeye peke yake kati yao aliuona una maana.

"Ilikuwa sawa?" mumewe aliuliza.

"Ilikuwa sawa."

"Hata mkwaruzo?"

"Hata mkwaruzo, mzee."

Aliridhika, akakunja mikono. Ng'ambo ya bonde misumeno mipya ilikuwa ikilia pamoja, na Bi Sikio alijikuta anachagua kati yake, kwa mazoea, ule ambao haukuwemo.

Karani alitoka na karatasi, akaibandika ubaoni juu ya tangazo la rangi, juu ya mbuzi. Bi Sikio alisimama, akaisoma, na kama ilivyokuwa desturi yake, akaisoma tena:

Ofisi, baada ya kuuchunguza msumeno uliofikishwa mbele yake ukiwa mfu na baadaye ukiwa hai, imeamua ifuatavyo. Kiwiliwili kitabaki daraja la kwanza kwa jina la kaka. Silinda na pistoni vitaandikishwa daraja la pili kwa jina la mdogo. Kila kimoja kitumike kwa mujibu wa daraja lake na mmiliki wake. Wamiliki wanaruhusiwa kuvihifadhi vikiwa vimefungwa pamoja, mradi visiwashwe. Kwa kuwa rangi nyeupe imekwisha, namba zote mbili zitaandikwa kwa manjano.